Mguu Unaojua Kuchuchumaa

Kila siku ya shule, ikifika saa kumi na robo, Nabwire alikuwa akipinda kona ya muuza makaa, anaruka mtaro wa maji machafu na kuingia katika ua wao pale Kawangware 46, jijini Nairobi. Ua ule ulikuwa na vyumba kumi na viwili vya mabati, mfereji mmoja wa maji na choo kimoja cha shimo mwishoni kabisa. Chumba cha tano kilikuwa chao. Kila siku alikuta mlango uko wazi, jiko linawaka, na baba yake, Nyongesa, ameketi juu ya kigoda akikata sukuma wiki nyembamba kama nyuzi.

"Umeleta nini leo?" baba alimwuliza.

Hakuwa akidai zawadi. Alitaka kusikia walichofundishwa. Nabwire alimimina chai, akaketi sakafuni na kufungua vitabu. Wakikwama kwenye hesabu za sehemu, baba alichora ukuta kwa mkaa juu ya kipande cha kadibodi. "Hili jiwe zima. Hili nusu. Hili robo. Sasa ukiyapanga hivi, ukuta umefika wapi?" Kwa namna hiyo Nabwire, aliyekuwa wa mkiani katika hesabu alipokuwa Gredi ya Nne, alifika Gredi ya Sita akiwa miongoni mwa watano bora.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Nyongesa alikuwa fundi wa mawe, na fundi wa mawe hufuata mjengo uliko. Leo Kitengela, kesho Naivasha, kesho kutwa Thika. Nabwire alimjua baba yake kama mgeni wa mwisho wa mwezi, mtu aliyefika na mkate na kuondoka kabla mkate haujaisha. Kisha, mwaka mmoja na nusu uliopita, jukwaa la mbao lilivunjika huko Kitengela, na shehena ya mawe ikamwangukia mguu wa kulia. Madaktari walijitahidi siku tisa. Siku ya kumi wakaukata chini ya goti.

Tangu siku hiyo Nyongesa alitembea kwa magongo, naye hakutembea mbali. Mama, Nelima, ndiye aliyetoka kila asubuhi kwenda kufua nguo katika nyumba za Lavington, akirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji. Maisha yalikuwa magumu, hilo Nabwire alilijua. Lakini pia alijua jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa na baba sasa, kila siku, saa kumi na robo.

Ijumaa moja, Mwalimu Kavetsa alimwita baada ya kipindi cha mwisho. Mwalimu Kavetsa ndiye aliyekuwa amemsaidia Nyongesa kujaza fomu miezi mitatu nyuma, aliposikia kwamba mafundi fulani wa kujitolea hutengeneza miguu ya bandia bila malipo.

"Mpe baba hii mkononi mwake," mwalimu alisema, akimkabidhi bahasha. "Wamemkubali. Nimempigia simu mara mbili lakini haipatikani."

"Simu yake iliingia maji, Mwalimu."

"Basi wewe ndiwe simu yake. Ni Jumatano, saa mbili asubuhi, kule Ngara. Jumamosi ijayo wanafunga, na hawajui watafungua tena lini."

Njiani Nabwire aliifungua ile bahasha na kuisoma, kwa kuwa haikuwa imebandikwa. Alifurahi kwa hatua kama ishirini hivi. Kisha akakumbuka maneno ya baba yake siku ile ya kujaza fomu. Nyongesa alikuwa amemwambia Nelima, "Nikipata mguu tu, nampigia Wekulo. Yeye ana mijengo mpaka Naivasha. Siku hiyohiyo nafunga mzigo."

Siku hiyohiyo. Nabwire alisimama kando ya njia, mikokoteni ikimpita. Aliiona jioni yao, mlango umefungwa, jiko ni baridi, yeye peke yake na kitabu cha hesabu. Aliikunja barua, akaitia katikati ya kitabu chake cha Kiswahili. Alijiambia kwamba angeitoa jioni. Jioni ilipofika akajiambia kesho. Uongo wake haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa kimya tu, na kila siku kimya kile kilizidi kuwa kizito.

Jumatano ikaja, ikapita. Mwalimu Kavetsa alikuwa kwenye semina wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Alhamisi mvua ilinyesha kuanzia alfajiri hadi saa tisa. Njia za Kawangware ziligeuka uji wa udongo, na Nabwire alifika nyumbani kabeba viatu mkononi. Mlango wa chumba cha tano ulikuwa wazi lakini hapakuwa na mtu. Alisikia sauti za watu mwishoni mwa ua.

Majirani wawili walikuwa wakimwinua baba yake kutoka kwenye tope mbele ya choo. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Gongo moja lilikuwa limevunjika.

"Pole, Baba Nabwire," jirani mmoja alisema. "Hata sisi wa miguu miwili tumeteleza leo."

"Asanteni, ndugu zangu. Ni mvua tu," Nyongesa alijibu, akicheka.

Alipofikishwa chumbani, kicheko kiliisha. Aliketi kitandani akatazama ukuta. Nabwire aliwasha jiko, akapasha maji, akamnawisha mikono na uso kama mtu anavyomnawisha mtoto. Baba hakumzuia, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Unajua kilichoniuma ni nini?" Nyongesa alisema baadaye. "Si kuanguka. Nimekaa pale chini karibu nusu saa. Nilisikia watu wakipita, nikaona haya kuita. Mtu mzima, mlangoni pa choo. Choo kile kinataka mtu achuchumae, na mimi sichuchumai. Kila siku naning'inia kwenye misumari ya ukuta kama koti."

Nabwire hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Mwaka mmoja na nusu, na hakuwahi.

"Nilidhani wale watu wa miguu wangeniita wiki hii," baba aliendelea. "Labda wamepata walioumia kuliko mimi. Kama ni hivyo, na wapewe. Mungu awabariki."

Maneno hayo yalimshinda Nabwire. Laiti baba yake angelalamika, pengine angevumilia. Alienda kwenye mkoba, akatoa kitabu cha Kiswahili, akatoa barua na kumwekea magotini.

Nyongesa aliisoma polepole, kisha akaisoma tena.

"Ilikuwa jana," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Ulisahau?"

Neno "ndiyo" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Mtoto yeyote husahau, na baba angemsamehe kabla ugali haujaiva. Nabwire alitazama maji ya matope ndani ya karai.

"Sikusahau. Niliificha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema ukipata mguu utaenda Naivasha. Nilitaka ubaki."

Nyongesa aliikunja barua taratibu. Mlangoni mama alikuwa amefika, kapu lake la sabuni begani, na alikuwa amesikia. Alifungua kinywa kwa hasira, lakini mumewe akainua mkono.

"Kwetu Bungoma," Nyongesa alisema hatimaye, "nilikuwa na binamu aliyempenda sana ndama wake. Alimpenda hata akakataa kumpeleka malishoni, asije akaumwa na nyoka. Akamletea majani zizini. Siku moja ndama akashindwa kusimama. Miguu ilikuwa imesahau kazi yake." Akamtazama bintiye. "Mimi pia nimezipenda jioni zetu, mama. Lakini usinipende hivyo."

Alipomwita "mama", kama alivyomwita siku zote alipokuwa na furaha naye, Nabwire alilia kwa sauti.

Kulipopambazuka Ijumaa, mama aliomba ruhusa ya siku moja kwa tajiri wake, jirani akatoa gongo la kuazima, na wote watatu wakaenda Ngara. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokosa mguu, au miguu, wakiwa kwenye mabenchi na mikeka. Hewa ilinuka jasi mbichi na plastiki ya moto. Mezani aliketi Bi. Kanini, mwanamke mwenye miwani na orodha ndefu.

"Nyongesa ulikuwa Jumatano," alisema, akifuata majina kwa kalamu. "Nafasi yako tulimpa mwingine. Tumebaki na leo na kesho tu, na watu tulionao wanatuzidi."

"Ni makosa yangu," Nyongesa alisema haraka. "Barua ilichelewa kunifikia. Unajua mambo ya mitaa yetu."

Nabwire alijua kwamba baba alikuwa akimfunika. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi kubaki chini ya blanketi hilo. Lakini aliona pia kwamba sasa baba yake, mtu asiyesema uongo hata kwa mwenye nyumba, alikuwa amesema uongo kwa ajili yake.

"Si kweli," alisema. "Barua ilifika Ijumaa iliyopita. Mimi niliificha. Baba hakujua mpaka jana. Tafadhali msimwadhibu yeye."

Watu kwenye benchi la kwanza waligeuka. Masikio ya Nabwire yalipata moto. Bi. Kanini aliweka kalamu chini.

"Mimi ni mama, naelewa," alisema. "Lakini orodha haielewi."

Nyuma ya pazia alitokea mzee mfupi wa Kihindi, mvi zimemjaa, mikono yake myeupe kwa jasi hadi viwikoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Kanini, wamebaki wangapi?"

"Kumi na wanne, Mzee Kantilal."

"Basi huyu ni wa kumi na tano. Akiweza kusubiri, na mimi naweza." Akamgeukia Nabwire. "Wewe msichana. Ukweli wako ni mzuri, lakini hauongezi saa kwenye siku. Mtakaa mpaka wa mwisho, sawa?"

"Sawa, Mzee. Asante."

Walikaa. Kando yao alikuwa mama mnene mchangamfu anayeuza dagaa aina ya omena Kisumu Ndogo, kule Kibera, aliyejulikana kama Mama Audrey. Alikuwa amekuja kuvalishwa mguu wake wa kushoto.

"Mimi nina ugonjwa wa sukari," alimweleza Nelima. "Nilikanyaga msumari sokoni. Kidonda kidogo hivi, nikakidharau, nikasema nitapaka mafuta. Mwenye sukari hadharau kidonda cha mguu, dada yangu. Nilifika hospitali kimeshapanda." Akamtazama Nabwire. "Nawe usiwe na uso wa kilio. Mimi nilijifichia mwenyewe kidonda changu. Sote humu tumeficha kitu."

Mzee Kantilal alipopita, alimsalimia Mama Audrey kwa Kijaluo safi hata Nelima akashangaa. Mama Audrey alicheka. Alieleza kwamba mzee yule alizaliwa Kisumu, babu yake akiwa na duka la vitambaa, na akiwa kijana alikwenda India kujifunza kazi hii.

Saa saba chakula kililetwa. Kulikuwa na wali, dengu na chapati, vikipakuliwa na Masingasinga wawili waliovaa vilemba. Walipita mstari mzima na masufuria yao wakimpakulia kila mtu bila kumwuliza jina wala kabila. Nyongesa alipowashukuru, mmoja wao alisema kwamba hekaluni kwao jiko la namna hiyo halifungwi, na kwamba tajiri na maskini huketi pamoja sakafuni wakila chakula kilekile. "Ukikaa chini," alisema, "huna wa kumtazama kutoka juu."

Saa kumi na nusu jioni ndipo jina la Nyongesa lilipoitwa. Wengi walikuwa wameondoka. Mzee Kantilal alionekana amechoka, lakini alivuta kiti, akakitazama kigutu cha Nyongesa na kukigusa hapa na pale kama fundi anayegonga jiwe kusikia kama lina ufa.

"Kimepona vizuri. Umekitunza."

"Ni mke wangu na binti yangu, Mzee. Walikiosha kila siku."

Mzee alimtupia Nabwire jicho. Alianza kuzungusha vitambaa vilivyolowekwa jasi kuzunguka kigutu. Nabwire alisogea karibu. Juu ya meza palikuwa na nyayo za mpira, za kulia na za kushoto, zenye rangi ya ngozi na vidole vilivyochongwa. Chini ya meza palikuwa na vipande vya paipu nene ya plastiki, ya maji.

"Mzee, hiyo si paipu ya maji?"

"Ndiyo. Tunaitia ndani ya joko mpaka iwe laini kama ugali, tunaivalisha juu ya mfano wa jasi, ikipoa inakuwa muundi. Chini tunafunga wayo. Huu unaitwa mguu wa Jaipur. Jaipur ni mji, kule India." Mikono yake haikusimama alipokuwa akisema. "Zamani, miaka zaidi ya hamsini iliyopita, wagonjwa wa kule walipewa miguu iliyotengenezwa kwa watu wa Ulaya. Migumu, haikunji kifundo. Lazima uvae kiatu. Sasa mkulima wa India anasimama ndani ya maji ya mpunga. Anakula akiwa ameketi sakafuni. Hekaluni anavua viatu, msikitini anavua viatu, hata kwake mlangoni anavua viatu. Chooni anachuchumaa. Ule mguu wa Ulaya angeufanyia nini? Walipewa, wakaenda nao nyumbani, wakauweka pembeni, wakarudi kwa magongo."

Nyongesa aliinua kichwa. "Anachuchumaa," alirudia.

"Kulikuwa na fundi mmoja Jaipur, mchongaji wa sanamu. Shuleni alikaa miaka michache tu. Alikuwa akiwafundisha wagonjwa kazi za mikono hospitalini, akawaona wakihangaika. Hakusema, 'Mimi si daktari, hayanihusu.' Wanasema siku moja alipita mahali wanapotengeneza magurudumu ya lori, akaona jinsi mpira unavyopikwa ukawa mgumu nje na bado unapinda. Akapeleka wazo lile kwa madaktari. Wakajaribu, wakakosea, wakajaribu tena. Fundi asiye na vyeti na daktari mwenye vyeti, meza moja. Ndiyo wakapata wayo huu. Unakanyaga tope, unapanda mti, unaketi chini."

Alikata jasi lililoshikana, akalivua taratibu.

"Kesho saa nne," alisema. "Na magongo mje nayo. Mguu si uchawi. Ni lazima ujifunze."

Jumamosi saa nne walikuwa pale. Mguu ulikuwa tayari, umekaa juu ya meza kama kitu kilichokuwa kikiwangoja. Mzee Kantilal alimvalisha Nyongesa soksi nene, akaingiza kigutu, akafunga mikanda. Kisha akamsimamisha kati ya vyuma viwili vilivyolazwa kama ngazi.

Nyongesa alisimama. Kwa muda hakufanya lolote. Nabwire alikuwa amesahau jinsi baba yake alivyokuwa mrefu. Kisha alipiga hatua, akayumba, akashika chuma. Akapiga nyingine. Jasho lilimtoka. Mara ya tano alifika mwisho wa vyuma na kugeuka peke yake. Nelima alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Sasa vua kiatu," Mzee Kantilal alisema. "Chuchumaa."

"Nitaanguka."

"Mimi niko hapa. Mguu huu umezaliwa kwa kazi hiyo."

Nyongesa aliteremka kidogo kidogo, mikono mbele, na kifundo cha mpira kikakunja. Alifika chini. Alikaa pale amechuchumaa, mtu mzima wa miaka arobaini, akicheka na kulia kwa pamoja, na watu wote ukumbini wakamwelewa bila kuelezwa. Mama Audrey, aliyekuwa amerudi kukazwa mikanda ya mguu wake, alipiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Haikuwa kazi ya siku moja. Wiki mbili nzima Nyongesa alijizoeza uani, asubuhi na jioni. Kigutu kilipochubuka alipumzika, kikapona, akaanza tena. Nabwire ndiye aliyehesabu hatua. Walipofika hatua mia tatu bila gongo, mama alisema, "Sasa twende tukashukuru. Kwetu mtu aliyekusimamisha humpelekei maneno matupu."

Jumapili baada ya kanisa Nelima alinunua kuku mwekundu, mnono, sokoni Kawangware. Kwa Wabukusu kama wao kuku ndiyo heshima yenyewe. Mgeni asiyechinjiwa kuku huhesabu kwamba hakupokewa. Nabwire alimbeba kwapani hadi Ngara, katika nyumba ya ghorofa nyuma ya ule ukumbi, alikoishi Mzee Kantilal na mkewe.

Mzee alifungua mlango. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye miguu ya Nyongesa, na uso ukamng'aa. Kisha yakaenda kwenye kuku.

"Huyu ni wa nini?"

"Ni wako, Mzee," Nyongesa alisema kwa unyenyekevu. "Wa mchuzi. Ni shukrani yetu."

Ndani mke wa mzee alianza kucheka, akajizuia. Mzee Kantilal alikuna kichwa.

"Ingieni kwanza, mketi. Ndugu yangu, usinielewe vibaya. Sisi ni Wajaini. Katika nyumba hii hakuna aliyekula nyama tangu enzi za babu wa babu yangu. Hata yai. Dini yetu inasema tusidhuru kiumbe chenye uhai. Mama yangu alikuwa akifagia njia asije akakanyaga sisimizi."

Nyongesa alitazama chini. "Nimekutia aibu, Mzee. Sikujua."

"Aibu gani? Umeniletea uhai mzima mlangoni. Sijawahi kupewa zawadi kubwa hivi." Alinyosha mikono na kumpokea kuku kwa uangalifu, kama alivyokuwa ameshika kile kigutu. "Atakaa kwenye ua wa nyuma. Atakula, atatembea, atazeeka."

"Kuku azeeke?" Nelima alisema, na wote wakacheka, hata mzee mwenyewe.

Chai ililetwa, nzito kwa tangawizi na iliki, pamoja na viazi karai. Mzee alikuwa bado na kuku magotini. Alimwita Nabwire akae karibu.

"Wewe ulificha barua. Bado hujanieleza kwa nini."

Nabwire alimweleza. Safari hii hakulia. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Mji wa Delhi," alisema, "watu wa dini yangu wana hospitali ya ndege. Usicheke, ni kweli. Njiwa kavunjika bawa, kasuku kaugua, wanapelekwa huko, wanatibiwa, bila malipo. Nilikwenda nikiwa kijana. Nilimwona mhudumu mmoja amemlisha njiwa kwa mkono, kila siku, wiki nyingi. Ndege akamzoea. Siku alipopona, mhudumu akampandisha juu ya paa, akafungua mikono. Nikamwuliza, huoni uchungu? Akasema, uchungu upo. Lakini kama nilimponya ili nimshike, basi sikumponya."

Kuku alilalamika kidogo magotini mwa mzee.

"Kumpenda mtu si kosa," mzee aliendelea. "Kosa lilikuwa kumwamulia gizani, wakati yeye hajui. Ungemwambia baba tangu Ijumaa, 'Naogopa utaondoka,' mngelizungumza, na mguu angeupata Jumatano. Uliposema ukweli, ulisema mara mbili, nyumbani na mbele ya Kanini, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Hilo ndilo lililonitoa nyuma ya pazia. Shika hilo, liwe lako. Jambo linalokuuma liseme mapema, kama kidonda."

"Nitashika, Mzee," Nabwire alisema. "Asante kwa kusubiri mpaka wa kumi na tano."

Mzee alicheka. "Yule fundi wa Jaipur nadhani angesubiri. Mimi ni mwanafunzi wake tu, ingawa hatukuwahi kuonana."

Walirudi Kawangware jioni. Jua lilikuwa bado lipo juu ya mabati ya Riruta. Nelima alitangulia kununua unga, na Nabwire akabaki nyuma na baba yake, akiilinganisha hatua yake na ya baba. Gongo moja tu lilikuwa mkononi, na hata hilo halikugusa chini.

"Wekulo amenipigia simu," Nyongesa alisema. "Ana ukuta Kitengela. Kazi ya chini, ya kupanga mawe tu, si ya kupanda jukwaa. Nimemwambia nitamjibu kesho. Nataka kukuuliza wewe kwanza."

Nabwire alimshika baba mkono usio na gongo.

"Nitakukosa," alisema. "Nasema ukweli. Jioni nitakukosa sana. Utarudi lini?"

"Kila Jumamosi. Na simu imetengenezwa. Saa kumi na moja, nikinawa mikono tu, utaniambia umeleta nini kutoka shule."

Mbele yao njia ilikuwa na dimbwi pana lililoachwa na mvua ya usiku. Nyongesa hakulizunguka. Alivua ndala, akazishika mkononi, akapita katikati ya maji na matope kwa nyayo zake mbili, moja ya kuzaliwa na moja ya Jaipur, akafika ng'ambo na kugeuka kumngoja.

"Nenda, Baba," Nabwire alisema, akimfuata. "Mwambie Wekulo unaenda."

Na moyoni mwake hapakuwa na neno lingine lililofichwa chini ya hilo.